Hapo Tu

Kabambare

Yaya Waridi, dada yangu mukubwa, salamu za mudogo wako Faridah. Mama iko muzima, na kuku zake zimeanza tena kutaga ndani ya kitanda changu.

Yaya, tumeshinda! Kijiji chetu kimepata kituo cha afya!

Watu wa afya walikuja na GPS kuchora ramani. Wakauliza kama hospitali iko mbali. Unajua watu wetu, mugeni hawamutishi na safari. Wote wakajibu, "Hapo tu." Basi wakachora mustari umenyooka, ukaruka muto kama vile sisi ni ndege, wakasema tuko karibu, kituo hakina lazima.

Mimi muuguzi nikakasirika. Nikamwambia daktari wao, "Beba GPS yako twende kwa miguu, na nitatembea kama mwanamuke mwenye mimba." Tulipofika hospitali, viatu vyake vilijaa matope, na mustari kwenye ramani ulikuwa umejikunja kama nyoka mpaka kule kwenye daraja. Akafuta ule mustari wa kwanza, akaandika kwamba kituo kina lazima.

Njiani tulipita pale mutoto wako alipozaliwa bila kulia. Kale kaburi kadogo nakapalilia mimi mwenyewe tangu ulipoondoka.

Juzi jirani yetu Safia amezaa ndani ya kituo chetu. Mutoto alilia mpaka kuku za mama zikakimbia! Nikamuuliza Safia kama njia ilimuchokesha. Akacheka: "Kuchoka ya nini? Si hapo tu!"

Yaya, mara hii ilikuwa kweli. Rudi nyumbani.

Mudogo wako anayekungoja,
Faridah