Koti la Salim

Utange, Jumatano

Na leo tena Mama Zuhura kanibana mbele ya majirani: "Hebu tuhadithie ulivyomuona Salim akicheza mpira huko Uturuki." Nikawahadithia uwanja, baridi, watu wanavyopiga kelele. Kucheza kwenyewe sikukutaja, wala hawakushtuka.

Ningesema nini? Nimepanda ndege mara ya kwanza maishani, mahamri yamejaa begi, nimekwenda kumuona mwanangu amekaa. Mechi nzima yuko kwenye benchi la akiba, kajifunika koti kubwa. Wenzake wanahangaika na kaptura kwenye baridi ile. Nilimshukuru Mungu kwa lile koti, kisha nikaona haya.

Mechi ilipokwisha alinijia, macho chini. "Mama, umekuja bure. Hukuniona."

"Nisikuone vipi? Hao wengine walikuwa wakinipotea kila mara. Wewe, wallahi, hukunipotea hata kidogo."

Akacheka, lakini mahamri hakuyagusa.

Jioni hii kapiga simu, furaha imemjaa: kocha kampanga kikosi cha kwanza Jumamosi. Nikasema alhamdulillahi.

Halafu nikamuuliza kama huko bado kuna baridi.