Mlango Wazi Wakati wa Uji

Jumatatu, 4 Machi
Wageni wa kanisa tena. Niliposikia hodi nikapasha uji, nikamfunga baba mkwe shingoni bibu ya mwanangu — ile yenye picha ya bata — nikaacha mlango wazi. Kijiko baada ya kijiko, uji ukimtiririka kidevuni. Mkwe wa dhahabu huyu! wakasema. Yeye anatazama ukuta. Kiharusi kimemnyang'anya ulimi, kikamwachia mkono mmoja. Miaka yote alikuwa akisukuma sahani yangu mbele za watu: eti chakula cha mkono wangu yeye hali. Haya, sasa anakula. Mbele za watu. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi
Mafundisho ya Biblia. Mchungaji kasema tendo hupimwa kwa mambo matatu: umetenda nini, kwa nia gani, katika hali gani. Moja likioza, tendo zima limeingia doa. Nikajikunyata. Kisha — ee Mungu wangu! — akaninyooshea kidole mimi: huyu ndiye mfano wetu, Jumapili atatoa ushuhuda. Makofi. Wifi yangu akapiga kuliko wote, na shuka la baba yake hajawahi kulifua.

Alhamisi
Nimemuuliza mume wangu: kumlisha mgonjwa kwa kinyongo, ni wema? Kacheka. Kwani anashiba kinyongo au uji? Akageukia ukuta, akakoroma.
Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nautenda, halafu nasimama nitazamwe.

Jumamosi, 9 Machi
Majirani. Bibu. Kijiko cha kwanza tu, akanyanyua ule mkono mzima. Anasukuma tena! Damu ikanipanda. Kumbe hasukumi — anaonyesha mlango ulio wazi. Akaonyesha tena. Machozi yakadondokea bata. Nikajifanya sielewi, nikamlisha mpaka bakuli likaisha.
Nilielewa. Naona aibu hata kuandika.

Jumapili, 10 Machi
Wote wamekwenda ibadani, kasoro wifi, anayenisubiri nje na gauni lake jipya. Nimefunga mlango. Bibu nimeitupa, nimemtandikia taulo. Nimesema, Baba, nisamehe. Kafumba mdomo, kijiko hakipokei.
Ndipo nikauona ule mkono mzima. Mkono mzima! Siku zote hizi namlisha kama mtoto, sijawahi kumpa kijiko ashike mwenyewe. Nimempa. Anakiinua polepole, uji unamwagika shukani. Nimekaa kando naandika, nisimkodolee macho.
Wifi anagonga: Wifi, twende bwana, watu wanakungoja! Mlango sifungui. Kijiko bado hakijafika mdomoni.