Wambui na Neno "Take"

Jumatatu, 6 Oktoba 1958

Sindano zimechemshwa. Foleni ya asubuhi fupi: kidonda cha jembe, macho mekundu, wachumaji wawili wenye homa. Mvua bado. Kahawa imeanza kuiva na nyapara hataki mtu augue.

Jioni somo na Wambui. Ndiye anayefagia zahanati hii ya shamba na kufua bendeji. Amemaliza darasa la nane, lakini shule yao ilifungwa katikati wakati wa vurugu, na Kiingereza chake kina matundu. Mwisho wa mwezi ataitwa hospitali huko Thika ahojiwe na matroni, kwa Kiingereza kitupu. Akipita, atasomea uuguzi. Asipopita, mwakani umri utakuwa umempita, na hapa Ruiru kazi ya mwanamke shambani ni kuchuma kahawa au kuichambua. Hakuna ya tatu.

Nimeanza na kitenzi "take". Hospitali haiendi bila hicho. Akaimba: take, took, taken. Hakukwama. Nikamuuliza maana. Kuchukua, akasema. Nikamwambia mgonjwa "takes" dawa, je, amefanya nini? Amechukua dawa akaenda nayo nyumbani. Hapana, ameimeza. Akanitazama kama ninavyomtazama mwenye duka anayepunja sukari.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechora jedwali ukutani kwa chaki. Kwetu kila kazi ina neno lake. Dawa humezwa, joto hupimwa, koti huvuliwa, picha hupigwa, basi hupandwa. Mwingereza ameajiri mtumishi mmoja kwa kazi zote hizo. Kama mimi hapa: dresa wa kufunga vidonda, mng'oa meno, karani, na mara moja mkunga, Mungu anisamehe.

Wambui alicheka. "Basi, Ndagitari, 'take' ni wewe."

Ndagitari ni daktari kwa Kikuyu. Wote hapa huniita hivyo. Nimechoka kuwasahihisha.

Njia mpya tangu leo: hakuna kuimba. Kila maana aifanye kwa mikono huku akiisema. Alivaa koti langu akalivua. Alimpima joto mlinzi wa lango, akamshika mshipa wa mkono. Ninafanya sasa, nilifanya jana, nimekwisha kufanya. Mlinzi alikaa kwa subira, kisha akadai alipwe kwa kuugua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Maneno ya wanawake bombani, wakiteka maji. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikasikia.

"Wambui, huyo mtu wa Maragoli anakufundisha Kizungu, au anakufundisha kusonga ugali?"

"Ananifundisha kukudunga sindano. Jumatatu njoo."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, huko nyuma ya ukuta. Sikujua kwamba nilikuwa na wasiwasi wa kusemwa naye hivyo mpaka nilipocheka.

Jumanne, 14 Oktoba

Somo zuri kuliko yote. "Took" na "taken" hazimsumbui tena. Anajua "take" ya kuketi, ya kuandika maelezo ya mgonjwa, ya kutunza, ya muda unaotumika. Mwisho wa jedwali nilikuwa nimeandika "take after": kufanana na mkubwa wa ukoo wako, kwa sura au kwa tabia. Nikataka kuifuta. Matroni hana haja nayo.

Wambui akakishika kitambaa nisifute. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Na jina haliji peke yake, huja na mwenyewe. Alisema hilo ndilo neno la kwanza la Kiingereza linaloonekana kuwafahamu wao. Nimeliacha ukutani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nilijifanya matroni. Kitambaa cheupe kichwani, miwani puani. Alijibu vizuri, hata nilipozungumza haraka kama wao. Halafu nikamuuliza kwa Kiingereza ana kaka na dada wangapi.

Nikarudia polepole. Nikarudia kwa Kiswahili. Akatazama sakafu. Swali rahisi kuliko yote! Mtoto wa darasa la pili angelijibu. Nikapandisha sauti. Akaning'iniza ufagio mahali pake akatoka.

Huu ni ukaidi. Nimekasirika na sina la kuongeza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Jumamosi hakuja. Leo hakuja. Nimefua bendeji mwenyewe. Jedwali liko ukutani linanitazama. Siku zinakwenda bure. Nina hasira, na chini ya hasira nina woga.

Jumanne, 21 Oktoba

Mama yake alikuja mchana moja kwa moja kutoka shambani, kikapu mgongoni, vidole vinanata utomvu wa kahawa. Hakuketi.

"Ndagitari, watoto wangu wamekukosea nini?"

Nikasema hawajanikosea.

"Mbona unataka dada yao awahesabu? Watu hawahesabiwi. Hata mbuzi hawahesabiwi. Mchungaji huwatazama tu akajua nani hayupo."

"Mama Wambui, ni swali tu."

"Swali hutoka mdomoni. Kaburi huchimbwa kwa jembe. Mimi nimechimba."

Alimzika msichana wake mdogo, Muthoni, kule kwenye kijiji walichohamishiwa kwa nguvu wakati wa vurugu. Kabla ya hapo, alisema, askari alipita nyumba hadi nyumba akiwahesabu kwa kidole.

Nilikumbuka bibi yangu Maragoli. Hakuhesabu vifaranga wala wajukuu; ukimuuliza wangapi, angekujibu "wapo". Misheni walinichapa mpaka nikaacha mambo hayo, nami nikadhani yamekwisha duniani. Nikamwomba radhi mama huyu. Nikamkaribisha chai. Alikataa chai, akakubali kuketi. Nadhani hiyo ilitosha.

Jumatano, 22 Oktoba

Wambui amerudi. Alichemsha sindano, kisha akachukua chaki.

Lakini shida haijaondoka. Mimi mwenyewe niliulizwa swali hilo nilipohojiwa. Ndilo wanaloanza nalo ili mtu atulie. Nikamshauri ataje nambari yoyote ya uongo. Akatikisa kichwa. "Ya uongo nayo ni kuhesabu, Ndagitari. Halafu mama ataniuliza, nami sitamdanganya." Nikamwambia akinyamaza, matroni atadhani Kiingereza kimemwishia. Analijua hilo.

Alisema nimwachie.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua imeanza. Barabara ni tope. Nyapara ametoa pasi ya kwenda Thika, ya Wambui na ya mama yake, baada ya kunizungusha wiki nzima. Mimi, kwa kuwa si Mkikuyu, sihitaji pasi. Nikaona haya kuipokea mbele yao.

Vitenzi vyote anavijua. Swali lile moja tu limebaki, na si kitenzi. Sina dawa yake.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandika nikiwa bado na viatu vya tope.

Tulifika Thika mapema. Wasichana wengi kwenye veranda, wengine na sweta za shule nzuri. Wambui alivaa gauni la kuazima kwa mwanamke wa kanisani, limepunguzwa kiunoni. Alipoitwa, mimi na mama yake tulibaki kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Matroni alimuuliza habari za shule. Akajibu. Utafanya nini mgonjwa akiletwa ana homa? Akajibu, take moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Midomo yangu ilikuwa ikienda pamoja naye. Mama yake akaniona, akanong'ona: "Nawe unahojiwa?"

Halafu likaja. Kaka na dada wangapi?

Nikafumba macho.

Kisha Wambui akaanza, polepole. Kaka yangu Kamau "takes after" baba wa baba yangu. Anatembea haraka na hapendi maziwa. Kaka yangu Njoroge "takes after" baba wa mama yangu. Atagombana nawe asubuhi, jioni akuletee muwa. Mimi nina jina la mama wa baba yangu, na wanasema nina mikono yake. Dada yangu Nyokabi "takes after" mama wa mama yangu, huimba akipika. Muthoni, akasema, "took after" dada ya mama yangu. Alikuwa hapendi kuachwa nyuma.

Took. Hakukosea. Lilikuwa mahali pake.

Mama yake hajui Kiingereza, lakini majina aliyasikia yote, na la mwisho aliliinamia. Nilichungulia dirishani. Matroni alikuwa ameinua mkono akikunja vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Alipofika kwenye Muthoni akakiacha kidole kile kimenyooka, akashusha mkono, akasema pole. Kwa Kiswahili.

Tulingoja mpaka alasiri. Majina yakasomwa verandani. Wambui yumo. Aripoti Jumatatu ya tarehe kumi, na blanketi na viatu vya kufunga kamba.

Mama yake hakupiga vigelegele. Aliniuliza kwanza: "Aliwahesabu?"

"Hapana. Aliwataja."

"Ĩĩ," akakubali. "Kutaja ni kuita. Kuita si vibaya." Ndipo akapiga kelele mpaka askari wa lango akaja kutazama.

Nina furaha. Naiandika wazi, maana si kila siku naiandika.

Jumatatu, 10 Novemba

Ameondoka na lori la maziwa asubuhi. Wale wanawake wa bombani walikuja kumsindikiza, na yule mwenye mdomo alimpa mkebe wa mafuta ya kujipaka. Wambui akamwambia sindano yake bado iko pale pale. Zahanati imekuwa kubwa ghafla.

Alhamisi, 13 Novemba

Manyunyu siku nzima. Wenye shamba wanataka watoto wote wa laini, zile nyumba za wachumaji, wachanjwe ndui, na nipeleke orodha. Miaka yote niliuliza "Una watoto wangapi?" nikajibiwa "Mungu anajua," na chanjo haikutosha kamwe.

Leo mama wa kwanza alipoketi, nilimwambia anitajie watoto wake tu. Akanitazama. Kisha akaanza, bila haraka, na kila jina na jambo lake: huyu anakohoa usiku, huyu ana meno ya babu yake. Niliandika. Kalamu ilikuwa nyuma yake kidogo, naye akanisubiri.

Alipomaliza alicheka, akajigusa tumbo. Huyu naye jina lake lipo tayari, alisema, ila tungoje kwanza tujue ni mvulana au ni msichana.

Nikaacha mstari mmoja wazi.