Friji Langu na Rejeta Yako ya Oili

Sele,

Maharage ya nazi yamo kwenye sufuria, uyale leo, kesho yatakuwa yamechacha. Samaki nimempa jirani Zuleha. Hayo maji yaliyotapakaa jikoni ni barafu zangu za ukwaju. Piga deki mwenyewe.

Asubuhi nilisimama mlangoni nikakutazama ukikata mabomba ya nyuma ya friji langu, ukayafunge kwenye hilo gari lako la kuungaunga yapoze oili. Hukuniona. Fundi Haji alishakwambia, nami nasikia, "Sele, injini yenyewe ya bajaji, rejeta ya oili ya nini?" Ukamjibu, "Mlima wa Amani huujui wewe, oili itachemka."

Amani gani? Mwaka wa pili huu halijavuka geti. Gari halijapata joto hata siku moja, wewe unalitafutia cha kulipoza. Barafu zile ndizo zinazokulisha.

Nilingoja uniite, uniombe. Ungeniomba ningekupa, mjinga mimi.

Kuku wape pumba. Shati lako la Ijumaa halijakauka, liko kambani.

~~Nitarudi jioni.~~ Nimepanda basi la Maramba, nakwenda kwa mama. Khadija ninaye. Gari lako likiwaka, njoo utuchukue nalo. Mama aliniuliza kwenye simu akupikie nini siku utakayokuja. Nimemwambia asihangaike.

~~Mkeo~~
Mama Khadija