Mlango wa Kuoa

Jumatatu, 7 Oktoba

Kola, kola, kola. Sare za watoto wa Rumonge nzima zinapita chini ya sindano yangu na uzi unakatika ovyo. Essence, mafuta ya magari, imekosekana tena, mabasi ya Bujumbura yamelala, na vifungo nilivyoagiza vimelala nayo.

Baada ya alasiri nimefunga mlango wa uani nikasoma ukurasa mmoja wa kitabu cha babu. Ndiyo desturi yangu tangu shangazi aliponiletea kutoka Buyenzi. Alisema hakitaki nyumbani kwake, hata panya hawakigusi. Kitabu cha mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyota, makombe, hirizi, mambo ya maadui. Babu alikinakili kwa mtu wa Ujiji. Herufi nilifundishwa chuoni utotoni, kwa fimbo, na sikujua zitanifaa wapi. Naogopa kidogo. Naendelea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimejaribu. Kombe la kichwa, kwa jirani yangu Mama Riziki, anayelia na kipandauso tangu mvua zianze. Nimeandika kwenye sahani nyeupe kwa zafarani. Zafarani ni ghali, nikaongeza manjano ya jikoni, Mungu anisamehe. Nikaosha kwa maji, akanywa. Nilitegemea matusi. Kabla ya magharibi amekuja na mkungu wa ndizi, anacheka. Kichwa kimetulia. Murakoze, murakoze, asante haziishi.

Nilidhani nitafurahi. Nimeogopa. Lingeshindwa, kingebaki kitabu tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Swedi amejua. Mama Riziki hana kifuniko cha mdomo.

Swedi ni mdogo wangu, mama mmoja, baba mmoja. Tumebaki wawili katika nyumba ya marehemu wazazi. Yeye yuko kwenye kinu cha mawese, njia ya Minago, anarudi ananuka mafuta mpaka masikioni. Kila anapoposa anakataliwa. Wa mwisho walimwambia wazi kwamba nyumba yenye dada aliyeachika ina mama mkwe tayari. Dada huyo ni mimi.

Leo amesimama mlangoni anachezea kofia. "Dada, mu kile kitabu hakuna kitu ya kuoa? Mi nimechoka. Niko na mvi na bado naitwa mutoto wa nyumba."

Nimecheka. Yeye hakucheka. Nimesema nitaangalia.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeupata. Mlango wa kuoa. Uko katikati ya kitabu, baada ya milango ya maadui na kabla ya milango ya uzazi. Unaandika jina la mtu na la mama yake, unazungushia herufi zake, unakunja, unafunga kwa uzi mweupe, unatundika kwenye mti unaozaa. Naye awe anapita chini yake. Usiseme neno unapoandika.

Mwisho wa mlango nimeunakili ili nimsomee Swedi: "Hazitapita siku nyingi atavikwa nguo nyeupe, na watu watajaa uani kwake, na wali utapikwa."

Amefurahi kama amepata mke tayari. Kanzu ataazima, amesema. Mchele ndio shida.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeandika. Nilitawadha, nikafunga mdomo, nikaandika. Kwenye jina la mama nilichovya kalamu mara mbili. Sijaliandika tangu tumzike.

Swedi amepanda mwenyewe mchikichi ulio nyuma ya kinu, ameitundika hirizi chini ya makuti. Wenzake walidhani anakata mikungu ya mawese.

Jumanne, 22 Oktoba

Swedi amerudi mapema, anatetemeka kwenye jua. "Iko malaria tu, Dada." Nimempa vidonge na uji. Ametapika vyote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Tuko hopitali. Hakuna teksi iliyopatikana, nimempeleka kwa baiskeli ya kukodi, yeye nyuma ameegemea mgongo wa mwenye baiskeli, mimi nakimbia pembeni na kitenge kimefunguka. Wamemwekea serumu ya mshipani. Macho ya njano kama mawese. Amenitazama akaniita mama.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekuja nyumbani kuchukua shuka. Nikafungua kitabu. Nilitaka kombe la homa. Kikafunguka pale pale, maana ndipo nilipokikandamiza.

Nikasoma kichwa cha mlango. Nikakisoma tena. Nikakaa chini.

Kuoa. Kuua. Katika maandishi haya ya wazee hakuna o wala u. Kuna dhamma tu, kimkia kimoja juu ya herufi, na msomaji ndiye anayechagua. Mimi nilichagua kabla sijasoma, kwa kuwa Swedi alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nguo nyeupe. Watu uani. Wali.

Nimetoka mbio. Shuka nimesahau, nimerudi hopitali mikono mitupu.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimekwenda kwa Ustadhi aliyenifundisha herufi. Sikumwambia kitu. Nimeuliza tu kama wazee walikuwa na alama ya kutenga o na u. Amesema wengine waliweka, wengi hawakuweka. "Mwenye kuandika alikuwa anajua anasema nini, binti yangu. Hakuandikia wageni." Kisha akaniuliza nasoma nini. Nikasema barua za babu. Nimemdanganya mwalimu wangu barazani kwa msikiti.

Nimerudi kwenye kitabu nitafute msaada kwa majirani wa mlango wenyewe. Kabla yake maadui. Baada yake uzazi. Umekaa mpakani. Mtu anaoa kisha anazaa, sawa. Mtu ana adui kisha anamuua, sawa vilevile.

Jambo jingine nimeliona leo tu. Jina la mama nililoandika ni jina la mama yangu pia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini sikuogopa kwa ajili yangu, na hilo limenishangaza. Nimeogopa kurudi katika nyumba hii na kufungua mlango peke yangu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Homa haishuki. Daktari anasema subira.

Kuna kutegua. Mstari mmoja, ukingoni, mwandiko wa babu mwenyewe: ukitaka kuitegua, ichome kabla jua halijachwa.

Au ichume.

Dhamma ileile. Nimekaa na mstari huo mpaka macho yameuma. Ichume, yaani iondoe mtini kama tunda, basi. Ichome, yaani itie motoni. Yote mawili yanaingia akilini. Nikiichoma na neno lilikuwa ichume, nimelichoma jina la mdogo wangu kwa kiberiti changu. Nikiichuma tu na neno lilikuwa ichome, bado iko hai mkononi mwangu.

Nimekwenda mpaka kwenye kinu. Nimesimama chini ya mchikichi na kiberiti ndani ya kanga. Wanaume wakanisalimu, amahoro, wakaniuliza hali ya Swedi. Uzi mweupe nimeuona kutoka chini, unapepea. Nimeshindwa. Jua likachwa nikiwa nimesimama vilevile. Nimerudi nikilia barabarani bila kujificha, na watu wakadhani amekwisha kufa. Mama Riziki ametoka ndani anapiga mayowe. Ilibidi nimnyamazishe.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimemwambia Swedi.

Alikuwa na akili zake asubuhi, ameomba chai ya tangawizi. Nimempa chai, nikamwambia yote. Oa, ua, choma, chuma, jina la mama. Nilitegemea anifukuze. Aliitazama chupa ya serumu ikidondoka, kisha akauliza:

"Ulipokuwa unaandika, ulisema nini?"

Sikusema kitu. Kitabu kilikataza.

"Basi sema sasa."

Nimesema oa. Sauti ilitoka kama ya panya.

"Sema kwa nguvu. Iyo kitabu haina masikio, lakini Mungu iko nayo."

Nimesema oa. Nimesema tena, nimesema Swedi, oa, oa, uoe, mpaka wodi nzima imegeuka na bibi wa kitanda cha pili ameitikia amina akidhani tunaomba. Swedi amecheka mpaka sindano ya serumu imechomoka, na infirmiye, muuguzi wa zamu, ametugombeza wote wawili. Nimetoka nje nikalia vizuri.

Bado naogopa. Lakini leo tunaogopa wawili.

Jumamosi, 2 Novemba

Yuko nyumbani. Amekonda, suruali inashikwa na kamba. Alikataa kulala kabla hatujakwenda kinuni. Hawezi kupanda, akamtuma mwenzake, lakini mkono wa kupokea ulikuwa wake. Hakuichoma. Tumeitia katika bakuli la maji mpaka wino umetoka wote, karatasi imebaki nyeupe, na maji tumeyamwaga ziwani. Si ichome, si ichume. Ni neno letu sisi.

Kitabu nimekifunga katika kanga, nimekiweka juu ya kabati. Sitakisoma tena.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamekubali posa. Watu wa Bugarama, wana binti mjane asiye na mtoto, anaitwa Hadija. Alikuja kumwona mgonjwa wake hopitali na akatuona pale siku nilipopiga kelele. Amewaambia kwao kwamba mwanamume ambaye dada yake anamwombea hivyo mbele za watu hawezi kuwa mbaya. Mimi, mama mkwe wa tayari, ndimi niliyemwoza.

Nimefurahi. Nimeumia pia, chumba changu kitakuwa cha nyuma. Vyote viwili viko.

Tarehe imewekwa. Swedi ameleta kanzu, nyeupe, niipunguze. Nimeipunguza macho yangu yakiwa pembeni.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua asubuhi, kisha jua. Hakuna kazi nyingi.

Amekuja mama mmoja wa Minago, simjui. Kitenge safi, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope. Nilidhani ameleta kitambaa. Nimemkaribisha, nimempa chai. Ameulizia arusi ya Swedi, amesifu ua wangu. Swedi alisimulia kisa chetu kinuni, kumbe, kwa kuchekesha watu, na mume wa mama huyu analeta mawese pale.

Amekunywa chai yote. Kisha amesema, kwa upole, anatazama kikombe: "Nasikia kitabu yako iko na neno mbili."

Nimemwambia kitabu hakipo. Akainamisha kichwa, hakubisha. Nimemwambia ni dhambi. Akasema anajua. Ana jino moja limevunjika mbele, na alama ya zamani shingoni, chini ya mtandio. Sikuuliza.

"Weye andika tu ile ya kuoa," amesema. "Haitakuwa na kosa kwako. Maandishi iko yaleyale. Mi ndiye nitasoma."

Nimesimama nikamfungulia mlango. Hakukasirika. Amevaa viatu vyake taratibu pale kizingitini, na kabla ya kuondoka akanitajia jina la mume wake, na jina la mama yake mume. Akayarudia, polepole, ili yasinipotee. Kisha akasema murakoze, akaenda zake.

Nimeosha kikombe. Nimemaliza upindo wa kanzu. Majina hayo sijayaandika hapa na sitayaandika.

Nayakumbuka.