Karatasi ya Kupima Hofu

Tehran, 2 Mehr (Septemba)

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na tumbo limetulia. Sisi huku hatujambo, ila moshi wa magari unatumaliza. Nywele kunyonyoka kusikutie wasiwasi; dawa za vidonda vya tumbo ni kali. Ile ziara ya Mashhad, kwenye kaburi la Imamu, tuisogeze mpaka majira ya machipuko, ukishapata nguvu. Kazi imenibana: tunatafsiri kwa Kiajemi maswali ya kupima hofu za wagonjwa. Pistachio ulizotuma zimefika, watoto wamezigombania.

Mwanao, Mahrokh

Kerman, 19 Mehr

Mwanangu Mahrokh,

Salaam. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi ni mgonjwa, na sasa najua wa nini.

Jumanne, nikiwa kwenye dripu, alikuja binti mmoja mwanafunzi na karatasi. "Mama, tunapima hofu ya ugonjwa kusonga mbele. Maswali kumi na mawili tu." Nikamwambia, "Mwanangu, vidonda vya tumbo vinasonga wapi?" Akatazama faili langu, akanitazama mimi. "Kwani mama, hawajakwambia ni saratani?" Maskini, akalia yeye. Nikambembeleza, kisha nikamwomba kalamu.

Nilijaza yote. Naogopa maumivu? Mara nyingine. Naogopa kuwa mzigo kwa wanangu? Mara nyingi. Nikafika chini, penye majina ya waliotafsiri. La tatu ni lako.

Nikambana kaka yako Siavash, anayebandua vibandiko vya chupa zangu za dawa. "Mahrokh ndiye aliyesema usiambiwe," akasema. Shangazi yako anajua. Muuza mkate anajua. Wageni unawauliza hofu zao, mama yako unamnyima hata jina la ugonjwa wake. Na Mashhad ukanisogezea mpaka machipuko, ukijua huenda nisiyaone. Umenisaliti, Mahrokh, na inauma kuliko tumbo.

Mama yako

Tehran, 27 Mehr

Mama yangu,

Shikamoo. Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Nisamehe. Baba alipoambiwa ana saratani alikataa chakula siku ileile, na mwezi hakuumaliza. Ulisema mwenyewe: laiti wangemficha. Nikalishika neno hilo. Karatasi zile walipaswa kupewa wanaojua tu, yule binti alikosea. Ijumaa nakuja, twende kwa daktari pamoja, tumuulize kila kitu.

Mwanao

Kerman, 14 Azar (Desemba)

Mahrokh,

Salaam kwako na kwa watoto. Ijumaa ile ulipogonga nilikuwa ndani, nilikusikia. Usimlaumu Siavash, nilimkataza kufungua.

Ni kweli nilisema hivyo juu ya baba yako. Nilisema nikiwa mjane wa siku tatu. Tangu afe umekuwa na miaka minane ya kuniuliza kama nami ningetaka kufichwa, na hukuuliza.

Kwa daktari nimeshakwenda. Siavash nilimwacha kwenye benchi la nje, nikafunga mlango. Ameniambia yote: saratani ilipofika, na muda uliobaki. Akauliza nani mwingine ajulishwe. Nikasema hakuna.

Wewe ni mwanangu na nakupenda. Ila muda wangu naujua mimi, wewe sikwambii.

Mama yako