Chembe Moja Moja za Mwanga

Mpendwa Baba Koku,

Wiki iliyopita mwenzako wa maabara alinipigia simu kutoka kule ulikosoma. Habari yenyewe ni ya kazi yako, kwa hiyo nakuandikia.

Unakumbuka tulipokuwa tumepanga chumba mtaa wa Bilele, ulivyokwangua penseli mezani ukabandika selotepu juu ya ule weusi? Ulibandua, ukarudia, ukarudia, mpaka ukabaki ukungu wa kijivu. "Ni matabaka tu, Mama Koku. Ukiwa na subira linabaki moja." Ukanieleza kwamba matabaka ya aina hiyo, ya madini mengine, yana vidoa vinavyoweza kutoa mwanga chembe moja moja, na kwamba kwa chembe hizo watu watatumiana ujumbe ambao mdukuzi hawezi kuudaka bila kujulikana. Mitambo iliyokuwepo ya kutoa chembe hizo ilijaza meza nzima. Wewe ulitaka kifaa cha kuenea kwenye ukucha.

Mama yako hakutaka uende masomoni. Mlibishana nyumbani kwake Kamachumu, akiwa anamenya ndizi. "Mwanangu ni mmoja. Kahawa atachuma nani?" Ulienda hata hivyo, na mimi ndiye niliyechuma naye.

Siku ulipofanikiwa nilikuwa sokoni Bukoba nanunua senene, panzi wetu wa kukaanga. "Zinatoka moja moja!" ulipiga kelele kwenye simu. Nikauliza, "Nywele?" Ulicheka mpaka simu ikakatika.

Lakini kifaa chako kilifanya kazi kwenye baridi kali tu, ndani ya mtambo wa kupooza uliokuwa mkubwa kuliko kabati letu. Ulikuwa bado unatafuta namna ya kuuondoa mtambo huo ugonjwa ulipokurudisha nyumbani.

Mwenzako anasema sasa wameweza. Walibadilisha madini, wakafuata mpangilio wako wa matabaka, na kifaa kinatoa mwanga mezani bila kupoozwa. Jina lako limeandikwa la kwanza kwenye makala yao. Sikulia kwenye simu. Nililia baadaye, nikiosha vyombo.

Jumamosi nilikwenda kumweleza mama yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na yeye ameambiwa?"

Akachukua fimbo yake, akapita migombani kwenda kaburini kukuambia kwa Kihaya. Sikumfuata. Alikaa huko mpaka chai yake ikapoa.

Najua ya madini na matabaka hakukueleza, ndiyo maana nimeyaandika mimi. Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Koku